Silinda ya Nyuma

Gari lile lilifika kwetu juu ya lori, limelazwa kati ya magunia ya viazi ya Masisi na kufungwa kamba kama ng'ombe mgonjwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na unga mikononi, nikadhani lori limekosea nyumba. Kisha mume wangu akashuka upande wa abiria, shati limejaa vumbi, anacheka peke yake.

"Mama, kuja uone," akasema. Hatukujaliwa mtoto, lakini tangu tuoane aliniita Mama, nami nikamwita Papa.

"Nione nini? Hii machuma?"

"Si machuma. Ngoja nitoe vumbi."

Wapakuzi walilishusha kwa mbao, wakalisukuma hadi uani. Lilikuwa gari la michezo, la milango miwili, chini kabisa, pua ndefu, la matajiri wa Ulaya wa zamani. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mkulima mkubwa wa kahawa, na mume wangu alikuwa akienda kumtengenezea mashine za kukaushia siku zake za mapumziko. Mkulima yule alipoamua kuondoka nchini asirudi, alimwonyesha gari lililokuwa limekaa miaka chini ya magunia matupu, akamwambia alichukue kama anaweza kulifufua. Panya walikuwa wamezaa ndani ya viti vya ngozi. Mume wangu alipopitisha kitambaa chenye maji juu ya boneti, ikatokea rangi ya kijani kilichokolea, kama majani ya mkahawa baada ya mvua.

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Rutshuru. Kwa baba yangu, kitu kisichotoa maziwa wala kubeba mzigo hakikuingizwa ndani ya ua. Kwa hiyo nilirudi kwenye unga wangu. Nilimsikia nje akiongea na lile gari kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtuliza mnyama aliyetoka mbali.

Yeye alizaliwa upande wa Bukavu, katika familia ya Wakatoliki, na alikuwa fundi wa ndege katika kiwanja chetu cha Goma. Mtu wa maneno machache, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama. Tulikuwa tumepanga nyumba ya zamani pale Himbi, yenye ukuta wa mawe meusi na banda la gari ambalo mpaka siku ile nilianikia nguo nyakati za mvua. Nguo zikahamia barazani.

Ilimchukua muda mrefu kulifanya liwake. Alifungua injini yote, akapanga vyuma juu ya mikeka kwa mpangilio wa jinsi vilivyotoka, na ole wako upite hapo na ufagio. Breki zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Mabomba ya maji yalipasuka ukiyaminya kwa vidole. Vipande vingine aliviagiza kwa marubani, vikaja katika mifuko yao pamoja na manukato na viatu vya wake zao. Vingine alivichonga mwenyewe.

Mimi niliingia katika kazi ile kwa sababu ya mikono yangu. Kuna skrubu nyuma ya injini, mahali ambapo ukuta wa chuma unaitenganisha na miguu ya dereva, na mkono wa mwanamume haupiti. Alihangaika nayo asubuhi nzima. Nilikuwa nimemshikia taa tu.

"Toka hapo," nikamwambia, nikavua saa.

Mkono ukapita. Niliigusa ile skrubu bila kuiona, nikaizungusha, ikakubali. Alinitazama kama vile nimetoa sungura kutoka kwenye jivu. Tangu siku ile nikawa na ovaroli yangu.

Alinifundisha kwa mpangilio, hatua baada ya hatua, kama alivyofundishwa yeye. Kabureta, ile sehemu inayochanganya petroli na hewa, zilikuwa mbili, na ni lazima zivute sawasawa, la sivyo injini inatetemeka na kukohoa. Kifaa cha kupimia hatukuwa nacho. Alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni mwangu.

"Usisikilize makelele," akasema. "Sikiliza pumuzi. Hii, na hii. Zinafanana?"

"Ya mbele inavuta kwa nguvu zaidi."

"Basi ipunguze. Pole pole. Hapo. Acha."

Goma haikuwa mahali pa gari lile. Upepo ukigeuka, mlima wa moto unatumwagia majivu membamba ambayo yanaingia kila mahali. Nilikuwa nikifua vichujio vya hewa mara nyingi kuliko nilivyofua mapazia. Petroli ya kwenye madumu ya barabarani inakuja na maji na mchanga, tukawa tunaichuja kwa kipande cha kitenge. Na kutoka kwenye lango letu mpaka kwenye lami kulikuwa na kipande cha njia ya mawe ya moto uliopoa, yenye meno. Tumbo la gari lilikuwa chini mno. Kila Jumapili baada ya misa alitandika mbao mbele ya magurudumu, anasogeza gari, anashuka, anahamisha mbao, anasogeza tena. Majirani waliweka viti nje kutazama. Walisema gari lile ndilo mtoto wetu. Sikuyapenda maneno hayo. Mtoto ni mtoto na gari ni gari.

Tukishafika kwenye lami alikuwa mtu mwingine. Hakukimbiza gari, barabara zetu haziruhusu, na pikipiki hazikupi nafasi. Lakini mabega yake yalishuka, na alibadilisha gia kwa vidole viwili tu. Tulikwenda kando ya ziwa, tukazunguka, tukarudi. Siku moja akataka kupanda hadi Munigi. Kwenye mlima ule injini ikachemka, mvuke ukatoka pande zote, tukasimama kando ya njia katikati ya wanawake wanaouza mahindi ya kuchoma. Hakukasirika. Alifungua boneti, akanunua mahindi, tukakaa juu ya jiwe kusubiri injini ipoe.

"Papa," nikamwuliza, "kwa nini unajitesa hivi? Si ungenunua gari ndogo ya Kijapani kama watu?"

Alitafuna kwanza. "Ndege ninazitengeneza, zinaenda na watu wengine. Sijui hata zinafika wapi. Hii ninaitengeneza, na mimi ndiye inanirudisha nyumbani."

Kesho yake tulibadilisha kile kidude kinachofungulia maji njia, na halikuchemka tena. Siku ile ya Munigi ndiyo ninayoikumbuka nikitaka kumwona akiwa mzima.

Ugonjwa ulianza na mkono wa kushoto. Kwanza skrubu zikawa zinamponyoka, zinaanguka ndani ya injini, tunazivua kwa sumaku iliyofungwa uzi. Alisema ni uchovu. Kisha nikaona ameanza kula akiwa ameuficha mkono ule mfukoni.

Siku moja alirudi nyumbani mchana, mapema mno. Alikaa kitandani na viatu vyake.

"Nimewaambia wanitoe kwa kazi," akasema.

"Walikufukuza?"

"Hapana. Hawakujua kitu. Ni mimi niliwaambia." Alitoa mkono mfukoni, akauweka juu ya goti, ukacheza peke yake kama kitu kisicho chake. "Gari ikikufia, unasimama kando ya barabara. Ndege haina kando ya barabara, Mama."

Tulivuka mpaka kwenda kwa daktari Kigali. Alimwambia atembee, aguse pua yake, achore mduara. Mume wangu, aliyeweza kuchora kipande chochote cha injini bila rula, alichora kitu kama yai lililokanyagwa. Daktari akatueleza kwa upole kwamba ugonjwa huu hauponi, ila unatulizwa kwa vidonge, na kwamba ungechukua muda. Njiani kurudi, ndani ya basi, alishika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia safari nzima, na mimi nikaweka wangu juu.

Baada ya hapo kazi ikageuka. Mimi nikawa mikono, yeye akawa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda. Nilikuwa na duka dogo la vitenge, ninalifunga mchana, ninarudi, ninavaa ovaroli. Alikuwa akiniongoza kwa kidevu. Nadhani watu walidhani ninafanya vile ili kumfurahisha. Huenda mwanzoni. Lakini hata mimi nilikuwa nimeshalipenda. Nilipenda injini ikifunguka na kuonyesha mahali ilipokuwa inaumia. Mwili wake yeye haukutuonyesha.

Kazi iliyonivunja moyo ilikuwa ya breki. Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki kunataka watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini ya gari anafungua skrubu, hewa inatoka, anafunga, na yule wa juu anaachilia. Hilo aliweza, miguu ilikuwa bado na nguvu. Nililala chini ya gari, nikaita.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shika hapo." Nikafungua, mafuta yakatoka na mapovu, nikafunga. "Achilia!"

Sikusikia pedali ikirudi.

"Papa, achilia."

Niligeuza kichwa. Kutoka pale chini, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliona kiatu chake juu ya pedali, kimeganda. Hakitetemeki. Kimesimama tu, kama cha mtu aliyepigwa picha.

"Ngoja kidogo, Mama," akasema kutoka juu, taratibu, bila haya. "Ninaiambia mguu, haisikie."

Nilingoja. Mafuta ya breki yalikuwa yakinitiririka kwenye kiganja kuingia ndani ya mkono wa ovaroli. Baadaye kiatu kikainuka chenyewe, kama kimekumbuka. Tulimaliza magurudumu yote. Ilichukua mpaka jua likaondoka uani, na hakuna aliyesema tuache.

Kisha vita vikaingia mjini. Watu wa Goma wanajua siku zile, na wasiozijua sitaweza kuwaeleza. Tulilala chini ya meza, yeye na mimi, na magodoro yamesimamishwa madirishani. Umeme ukakatika, maji yakakatika, kiwanja cha ndege kikafungwa. Risasi zilipotulia, tukaanza kusikia kwamba wenye silaha wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta magari.

"Toa kabureta," mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kupungua, ulikuwa lazima usogee. "Zote mbili. Toa na buji." Buji ni vile vijiti vinavyorusha cheche ndani ya injini. "Watu wanachukua gari yenye inatembea."

Nilizitoa. Nikazifunga kwenye kitambaa na kuzizika ndani ya gunia la makala, makaa ya kupikia, jikoni, makala mengine juu yake. Gari likabaki na boneti wazi na matundu meusi.

Walikuja asubuhi, nikiwa ninachambua maharagwe. Walikuwa vijana, isipokuwa mkubwa wao, ambaye alikuwa na mvi za kwanza na heshima fulani. Alizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya paa. Niliona kwamba lilimpendeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Hii inatembea?"

"Haitembei, chef," nikasema. "Uone mwenyewe ndani."

Aliinama, akatazama matundu. Kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa kwenye kiti chake. Mikono yote miwili ilikuwa inacheza juu ya mapaja, na kichwa pia kidogo.

"Muzee, usitetemeke," akasema yule mkubwa, akicheka si kwa ubaya. "Hatukuje kuua watu."

Mume wangu alimtazama usoni. "Si woga," akasema. "Ni ugonjwa."

Yule hakusikia. Ikabidi nirudie mimi: "Anasema si woga. Ni ugonjwa."

Kicheko kikakatika. Akawaambia vijana wake wachukue betri. Wakachukua betri. Na walipokuwa wanatoka, mmoja akaona sanduku la spana ukutani. Lilikuwa sanduku lake la kiwanjani, alilolibeba miaka yote ya kazi, kila spana katika kitanda chake cha sponji. Kijana akalinyanyua kwa mkono mmoja, spana zikalia ndani. Mume wangu alifungua mdomo. Nilimwona akijaribu. Hakuna kilichotoka, na wakaenda.

Tangu hapo hali yake ilishuka haraka. Vidonge havikupatikana, vilivyokuwepo nilivikata nusu, kisha nusu ya nusu. Maji nilikuwa ninayachota ziwani kwa dumu. Nilimlisha uji kwa kijiko, naye alikuwa anakoroma akimeza, kama injini inayovuta tope. Nisamehewe mfano huo, lakini ndio uliokuja kichwani mwangu kila siku, na ninadhani yeye pia aliusikia.

Mji ulipoanza kupumua tena, jioni moja alinivuta kitambaa. Nikaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Irudishe," akasema.

"Nini?"

"Moteri. Irudishe pamoja."

Nilitoa kabureta kwenye makala, nikazisafisha kwa mswaki. Jirani mwenye teksi aliniachia betri yake ya zamani, akaniazima na spana chache. Nilimbeba hadi kwenye kiti chake. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la vitenge. Nikarudisha kila kitu, naye akitazama, na kidevu hakikuongoza tena, lakini macho yaliongoza. Nilipowasha, injini ilikohoa, ikakataa, kisha ikashika. Moshi ukajaa uani. Nilimsogeza karibu, nikachukua mkono wake nikauweka juu ya bawa la gari, kwenye ile rangi ya kijani. Mkono ulitulia. Sijui kama ni mtetemo wa gari uliouficha wa kwake, au ulitulia kweli.

Alifumba macho, akasikiliza. Kisha akakunja uso. Nikainama.

"Silinda ya nyuma," akasema. "Iko nachelewa."

Nilikuwa sijasikia kitu. Nikaweka mpira sikioni, nikasikiliza tena, nikaisikia: pigo moja dogo, mwishoni kabisa, linakosa mara kwa mara. Nilibadilisha buji. Ikabaki. Nilibadilisha waya wake. Ikabaki. Tulipanga kuendelea kesho yake.

Kesho yake alikuwa na homa, na kifua kikaziba. Alikufa wiki ile, mchana, mvua ikipiga bati kwa nguvu hivi kwamba sikusikia pumzi ya mwisho. Nilikuwa nimemshika, na bado sikuisikia. Padri wa parokia alikuja, na majirani, na wenzake wachache wa kiwanjani. Kutoka Bukavu hakuja mtu. Mashua hazikuwa zinatembea na njia ilikuwa imefungwa. Tulimzika bila ndugu yake hata mmoja.

Baada ya matanga sikuweza kukaa ndani ya nyumba. Nilikuwa ninakaa kwenye banda. Siku moja, bila kupanga, nilivaa ovaroli. Niliutafuta ugonjwa wa ile silinda ya nyuma kama mtu anavyotafuta ufunguo uliopotea, nikirudi palepale. Nilifungua kabureta tena, nikapima nafasi za valvu, nikaangalia kila kiungo. Halafu nikapitisha mkono kule nyuma, mahali pa skrubu yangu ya kwanza, nikagusa mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kusaidia breki. Juu ulikuwa mzima. Upande wa chini, usioonekana, kidole changu kikaingia kwenye ufa. Injini ilikuwa inavuta hewa pale, na silinda ile peke yake ndiyo iliyokuwa inaibiwa.

Nilikata kipande cha mpira wa jiko la gesi, nikakivalisha na kukikaza. Nikawasha. Nilisikiliza, moja baada ya nyingine, mpaka ya nyuma. Zote zilikuwa zinapiga sawa.

Nikageuka kwenye mlango wa banda na mdomo umefunguka tayari kusema. Kiti kilikuwa pale, kimekauka, na majivu membamba ya mlima juu yake. Nilizima injini. Nililia siku ile kuliko siku ya kuzika, kwa sababu siku ya kuzika nilikuwa na watu wa kuwahudumia.

Mashua ziliporudi, shemeki yangu akaja, kaka mkubwa wa marehemu. Mtu mrefu, mwenye uso uleule wa mume wangu lakini umekazwa zaidi. Alikaa sebuleni, akashika kikombe cha chai bila kunywa.

"Mama," akasema, "familia ilikutana kule Bukavu. Nyumba hii ni ya kupanga, hatuna neno nayo. Vyombo ni vyako. Lakini ile gari ni kitu ya ndugu yetu. Kule kwetu waliiba yote, hata milango. Watoto wamerudi kukaa kwa nyumba. Nimepata mutu upande wa ngambo, anapenda gari za zamani. Anaitaka."

Nilijua atakuja kusema hivyo. Wajane wengi ninaowajua wamesikia maneno hayo kwa sauti mbaya kuliko yake. Ningeweza kupinga, kuna sheria, kuna watu wa kuwaendea. Nilitazama viatu vyake, vilivyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, nikakosa nguvu ya kupigana naye.

"Ataichukua namna gani?" nikauliza.

"Atatuma lori. Wataivuta na mnyororo mpaka kwa lami."

Nikaona tumbo la gari likiburutwa juu ya yale mawe.

"Hapana," nikasema. "Mnyororo, hapana. Nitaipeleka mwenyewe."

"Unajua kuendesha?"

"Ninajua kuiendesha hii."

Ilikuwa nusu ya kweli. Mume wangu alikuwa amenifundisha uani, mbele na nyuma, na kuzunguka mti wa parachichi. Barabarani sikuwahi. Siku ya kuondoka nilivaa kitenge changu kizuri, si ovaroli. Nilitandika mbao mwenyewe, shemeki akanisaidia kuzihamisha, amekunja suruali, anatokwa na jasho. Tumbo halikugusa hata jiwe moja. Kwenye lami nikamwambia abaki anisubiri nyumbani, nikaenda peke yangu.

Nilikwenda polepole kando ya ziwa. Pikipiki zilinipita pande zote, watu wakageuka kutazama, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mti, aliyebeba mbao akanipisha kwa mkono kama mtu mkubwa. Injini ilikuwa inapumua vizuri. Nilikuwa ninaogopa gia ya tatu, nikaiweka, ikaingia kama kisu kwenye siagi. Kwa muda mfupi nilifurahi, na kufurahi kule kulinichoma.

Kwenye Barrière, pale mpakani, mnunuzi alikuwa ananisubiri, mtu wa makamo, mpole, miwani imefungwa kamba shingoni. Alifungua boneti, hakugusa kitu. Alitazama muda mrefu.

"Nani alitengeneza?"

"Bwana yangu. Na mimi."

"Niambie tabia zake," akasema.

Nikamwambia. Asubuhi ya baridi asikanyage mafuta kabla ya kuwasha. Petroli achuje. Mlango wa kulia unataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Breki, atoe hewa kila mvua ikianza. Alisikiliza kila kitu, anaitikia kwa kichwa, na alipouliza kama kuna lingine nikasema hakuna. Nikampa ufunguo; mambo ya pesa alikuwa ameshamalizana na shemeki. Alitaka kunitafutia pikipiki ya kunirudisha, nikakataa, nikatembea.

Nilipofika nyumbani shemeki alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda, amewasha makala na kuchemsha viazi. Sikuwahi kumwona mwanamume wa ukoo wao akipika. Aliniwekea sahani. Tukaanza kula, kisha akaweka kiazi chini.

"Mama," akasema, "hakuna mutu aliniambia. Alikufa namna gani?"

"Hawakukueleza kwa simu?"

"Walisema tu alikufa. Mimi ndiye nilimubeba mugongoni akiwa mutoto. Sikumuzika." Uso wake ulikunjuka wote, machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta. "Alilia? Aliumia?"

Nikasogeza kigoda changu karibu na chake, nikamweleza, tangu mkono ule wa kushoto. Aliuliza, nami nikajibu. Mahali pengine yeye alinieleza mimi: namna alivyokuwa akivunja redio za baba yao, namna alivyoanguka kwenye mto na kuibuka na samaki ndani ya shati. Viazi vilipoa, makala yakawa majivu. Kesho yake akapanda mashua ya asubuhi, nami nikamsindikiza hadi gatini.

Mwisho wa mwezi nilirudisha funguo za nyumba ya Himbi. Sasa ninakaa Majengo, chumba kimoja na sebule, karibu na dada yangu mdogo, na duka la vitenge liko mtaa wa pili. Shemeki hunipigia simu siku za Jumapili baada ya misa. Hatuna mengi ya kusema. Ananiuliza kama nimekula, ninamwuliza kama watoto wamekwenda shule, kila mmoja upande wake wa ziwa, kisha anasema, "Haya, Mama," na simu inakatika.